Ndoa Hufunzwa Kabla ya Posa

Mazungumzo yangu ya jioni hii, kwa wasikilizaji wetu wa Voi na Mwatate, wa Wundanyi na Taveta, na ninyi mlioko juu ya milima ya Sagalla na Kasigau, yanahusu ndoa ambazo hazijafungwa bado. Juu ya ndoa zilizokwisha kufungwa wasemaji ni wengi, na juu ya zile zilizovunjika wasemaji ni wengi zaidi, kwani kila baraza lina hakimu wake. Bali juu ya kijana wa miaka 15 au 20, ambaye leo anachunga mbuzi kando ya mashamba ya mkonge, au anaendesha bodaboda baina ya stesheni na soko, na ambaye kesho aghalabu atakuwa mume wa mtu au mke wa mtu, tumenyamaza kimya, kana kwamba elimu ya kuishi na mwenzi humshukia mwanadamu usiku wa harusi pamoja na nguo mpya.

Tazameni jinsi tunavyougawa wakati wetu. Harusi ikikaribia huundwa kamati, na kamati hiyo hukutana jioni baada ya jioni kwa muda wa miezi, ikihesabu michango, ikikodi mahema na viti, ikibishana juu ya rangi za sare na idadi ya mbuzi watakaochinjwa. Wala silaumu, maana kumshangilia anayeoa na anayeolewa ni jambo jema na limo katika murua wetu. Lakini mafundisho ya wale wawili wenyewe, watakaobaki peke yao baada ya mahema kung'olewa, hupewa jioni chache tu mbele ya kasisi au imamu, tena katika majuma ya mwisho, wakati ambapo mahari imekwisha kupokelewa, kadi zimekwisha kusambazwa, na jamaa wa Nairobi wamekwisha kukata tikiti za treni. Ni binti gani saa hiyo atakayethubutu kutamka kwamba amemwona mchumba wake akighadhibika, na kwamba akighadhibika haambiliki? Ni kijana gani atakayekiri kwamba ana deni kubwa ambalo mchumba wake halijui? Maswali huulizwa, na huulizwa kwa nia njema, lakini jibu linaloruhusiwa ni moja tu, nalo ni ndiyo.

Na hao ndio wenye bahati. Wako wengine, na katika mji wa njiapanda kama Voi hawa si haba, ambao hawafiki kwa kasisi wala kwa imamu: walijuana kazini, wakapanga chumba Sofia au Mwakingali, mtoto akazaliwa, na siku moja wakajikuta ni mke na mume bila ya mtu yeyote kuwaketisha na kuwaambia neno. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 imeweka umri wa miaka 18 kuwa mpaka usiovukwa, ikazitambua ndoa za Kikristo, za kiserikali, za kimila, za Kihindu na za Kiislamu, na tangu Agosti 2017 hata ndoa za kimila zinatakiwa kuandikishwa. Hayo yote ni mema na yanawakinga wengi, hususan wanawake na watoto. Walakini karani aandikapo majina mawili daftarini hana uwezo wa kuwafundisha wenye majina hayo jinsi ya kusemezana. Ndiyo sababu naona kuwa mafunzo yanayongoja harusi yamechelewa, na yanayongoja posa yamechelewa vilevile. Yafaa yaanze wakati kijana hana mchumba wa kumwonea haya wala mahari ya kuogopa kuipoteza.

Wazee wa milima hii walikuwa na ujuzi mkubwa juu ya jambo moja ambalo mimi naliona kuwa ndilo shina la maelewano ya ndoa, nalo ni hasira. Mtaalamu Grace Harris, aliyeishi miongoni mwa Wadawida mwanzoni mwa miaka ya 1950 na kutoa kitabu juu ya dini yao ya asili mwaka 1978, alieleza jinsi walivyoamini kuwa hasira iliyofichwa moyoni, hata ikiwa mwenyewe hakukusudia ubaya, huweza kumdhuru yule aliyemuudhi, au kuwadhuru watoto wake, au mifugo yake. Mtu akiugua au mambo yakimharibikia, mganga aliulizwa ni moyo wa nani uliokasirika: wa baba au wa mama, wa mjomba au wa mizimu. Na akishajulikana, mwenye hasira hakutiwa aibu mbele ya watu, bali alitakiwa kutasa: alijaza kinywa pombe ya miwa, au maji ya miwa yasiyochacha, au maji matupu, akayapuliza nje huku akitamka maneno ya kuitoa ile hasira na kumwombea mwenzake afya na amani.

Siwaiti Wakristo na Waislamu wa leo warejee kwenye tambiko hilo, na ambaye angali akilishika sina neno naye. Ninachokistaajabia ni insafu iliyokuwamo. Jamii ilikiri wazi kwamba watu wapendanao hukasirikiana, baba kwa mwana na ndugu kwa ndugu, wala haikujidai kuwa nyumba njema ni ile isiyo na hasira. Tena aliyekasirika alipewa zamu ya kusema, na kusema kwake hakukuhesabiwa kuwa kumetimia mpaka kumalizike kwa kumtakia heri yule yule aliyemuudhi. Fikirini ni mafunzo ya namna gani hayo kwa mtoto aliyekuwa akiyaona tangu utotoni: kwamba mzee wa mji, mwenye ng'ombe na heshima, anasimama mbele ya jamaa na kukubali kuwa moyo wake ulikuwa na hasira, kisha anaitoa. Kijana wetu wa leo hajapata kuliona jambo hilo. Ameona njia mbili tu, kunyamaza siku nyingi na kulipuka siku moja, na akiingia katika ndoa huzitumia hizo hizo mbili kwa kuwa hana ya tatu.

Lakini nitakuwa dhalimu wa historia nikisema ya kuwa zamani kila mtu alipewa zamu yake kwa kadiri moja. Mtaalamu huyo huyo aliandika mwaka 1957 juu ya saka, hali iliyowapata hasa wake walioolewa, ambao walitetemeka mwili mzima, pengine kwa kusikia mlio wa gari moshi au wa motokaa, na aghalabu nafuu yao ilikuwa katika kupewa kitu walichokitamani, kitu cha kununuliwa kwa fedha, na fedha zilikuwa mkononi mwa mume aliyekwenda kuajiriwa. Kama ni pepo au ni maradhi, hilo sitaliamua hapa, na wenye itikadi yao nawaachia itikadi yao. Nataka tuitazame tu hali ya nyumba ambamo mke hana njia nyepesi ya kumwambia mumewe, kwa sauti yake ya kila siku na bila ya kuogopa, kwamba naye ana haja yake, mpaka haja hiyo ikatafuta mlango mwingine wa kutokea. Je, nyumba za namna hiyo zimekwisha katika Taita Taveta? Kila mmoja wetu na ajijibu kwa kuwatazama majirani zake, na kabla ya majirani aitazame nyumba yake.

Hali hiyo ilikuwa na asili yake. Reli iliyojengwa kutoka Mombasa ilipita Voi kabla ya karne ya 19 kwisha, na wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ikatiwa tawi la kuelekea Taveta kwa ajili ya kupigana na Wajerumani wa upande wa pili. Pamoja na mambo hayo yakaja mashamba ya mkonge, na kodi ya kulipwa kwa fedha taslimu, na kazi za Mombasa, na wanaume wa milimani wakazoea kuishi mbali na wake zao kwa miezi mingi, wakirudi kama wageni katika nyumba walizozijenga wenyewe. Leo Madaraka Express, iliyoanza safari zake mwaka 2017, inasimama Voi, na Mombasa haizidi sana kilomita 150. Hata hivyo nyumba ambazo mume yuko bandarini na mke yuko Wundanyi, au mke yuko kazini Nairobi na mume yuko shambani Mwatate, zingali nyingi mno. Na tangu mwaka 2007, zilipoanza kutumwa kwa M-Pesa, fedha hufika kwa mpigo mmoja, na mara nyingi hufika peke yake, bila ya neno la kuambatana nazo. Zamani mume alipozileta mwenyewe, ilimbidi angalau aketi na kueleza; sasa ujumbe wa simu unataja kiasi na jina la aliyetuma, na mke akiona kiasi kimepungua humbidi akisie mwenyewe sababu, na akisiaye akiwa na njaa na ada za shule mbele yake hakisii mema.

Basi vijana wanaochumbiana wafundishwe kuzungumza juu ya fedha kabla ya mahari kutajwa: nani anadaiwa, na anadaiwa nini, nani anawasaidia wazazi wake, na ataendelea kuwasaidia kwa kiasi gani, nani ana chama, nani ana shamba, na shamba hilo li katika jina la nani. Najua wako watakaosema kuwa kumwuliza mchumba maswali hayo ni tamaa na ukosefu wa adabu. Mimi naona adabu ya kweli imo ndani yake, kwa kuwa Katiba yetu ya mwaka 2010 imewapa mume na mke haki sawa wakati wa kufunga ndoa, ndani ya ndoa, na hata wakati wa kuivunja, na watu wenye haki sawa hawastahili kuingia katika maisha ya pamoja huku mmoja amefungwa kitambaa machoni.

Nitoe mfano mmoja ambao watu wa Sagalla wataufahamu bila ya maelezo mengi. Tufanye kwamba mume yuko Mombasa, mke amelima mahindi, mvua kwa mara hii imekuja vizuri, na siku chache kabla ya mavuno tembo wanatoka mbugani Tsavo usiku na kulimaliza shamba lote kabla ya alfajiri. Mke anapiga simu. Mume, ambaye alikwisha kuyahesabu mahindi hayo katika akili yake, na ambaye yu mbali na hana la kufanya, anauliza, "Ulikuwa wapi?" Maneno hayo ni mawili tu, na pengine mwenyewe hakuyakusudia kuwa lawama, ni mshtuko uliopata njia ya kinywa, lakini mke aliyekesha akipiga debe gizani, mtoto mgongoni, huku wanyama wakubwa hao wakivunja mabua hatua chache kutoka mlangoni pake, atayakumbuka maneno hayo muda mrefu baada ya hasara ya mahindi kusahauliwa. Lau mume yule angalikuwa amezoezwa, tangu ujana wake, kwamba neno la kwanza wakati wa msiba humwendea mtu kabla ya mali, angaliuliza, "Mko salama?" na mengine yote, pamoja na swali la nani alikuwa wapi, yangalipata nafasi yake baadaye. Tangu mwaka 2009 kumekuwako hapo Sagalla mpango wa kuzungushia mashamba mizinga ya nyuki iliyoning'inizwa kwenye nyaya, ili tembo akiigusa nyuki watoke na kumrudisha. Ni mpango mzuri, na huleta asali ya kuuza. Lakini fedha za asali zinapopatikana, hizo nazo zataka watu wawili wanaoweza kuzizungumza bila ya mmoja kuzificha.

Nikisema kijana azoezwe, sikusudii hotuba. Hotuba vijana wetu wanazo za kutosha. Nakusudia zoezi linaloweza kufanywa nyumbani wakati wowote watoto wanapogombana, na watoto hugombana kila siku, Mungu ametupa nafasi hizo bure. Ndugu wawili wakileta shauri kwa mama au baba, kila mmoja atakiwe kwanza kuyarudia maneno ya mwenzake, mpaka yule mwenzake mwenyewe akiri kwamba naam, ndivyo nilivyosema; baada ya hapo tu ndipo apate ruhusa ya kujibu. Ni jambo dogo la kutamkwa na kubwa la kutendwa, na hata watu wazima wakilijaribu kwa mara ya kwanza hutokwa na jasho, maana tunagundua kuwa mwenzetu alipokuwa akisema sisi tulikuwa tukitayarisha jibu. Kijana aliyelifanya mara nyingi nyumbani kwao tangu utoto hataliona geni siku atakapokaa na mkewe juu ya kitanda kimoja, wakiwa na shauri lisilopendeza baina yao na hakuna mzee wa kuwaamua. Kadhalika azoezwe kuomba radhi kwa kulitaja kosa lenyewe, maana "nisamehe kama nimekukosea" ni maneno ya mtu ambaye hajakubali bado.

Hapa sina budi kusema juu ya wavulana, na ningependa akina baba wasogeze redio karibu. Uzito wa mafunzo ya ndoa katika pwani yetu yote na bara yake umewaangukia wanawake tangu kale. Mwana Kupona wa Pate, alipotunga wasia wake mashuhuri yapata mwaka 1858, alimtungia binti yake. Kungwi na somo humfunda mwari. Na hata karamu za siku hizi za kumfunda bibi harusi hukusanya wanawake wenye ujuzi na upendo mwingi. Mafunzo hayo yana thamani, na mimi nisingependa yafe. Ila tumemfunza mmoja, tukamwoza kwa mwingine ambaye hakufunzwa, kisha nyumba ikitikisika twamwendea yule yule aliyefunzwa na kumwambia aongeze uvumilivu. Uvumilivu ni sifa njema kwa wote wawili, lakini haumpasi mtu kuvumilia kipigo, na kila binti na kila mvulana ajue kwamba Sheria ya mwaka 2015 ya Kinga dhidi ya Ukatili wa Nyumbani ipo, na kwamba mkono ulioinuliwa juu ya mke au mume ni kosa mbele ya dola, usiitwe tena siri ya nyumba. Mvulana naye afundwe: apike kimanga, alee mdogo wake, aambiwe na baba yake waziwazi jinsi baba huyo alivyopata kukosana na mama yake na jinsi walivyopatana. Mwana wa kiume asiyewahi kumsikia babake akimwomba mamake radhi atajifunzia wapi kumwomba mkewe?

Serikali iliingiza somo la stadi za maisha katika shule zetu mwaka 2008, na lilikuwa wazo zuri; lakini somo lisilotahiniwa humezwa na yale yanayotahiniwa, na walimu wengi wameliona likigeuka kuwa kipindi cha ziada cha hisabati. Nisiwabebeshe walimu mzigo wote huu. Nafasi niipendayo zaidi ni likizo. Babu na bibi katika jamii zetu, za Kidawida, za Kisagalla, za Kitaveta na za Kiswahili, wana ruhusa ambayo wazazi hawana, kwa kuwa baina yao na wajukuu kuna utani, na mambo ambayo baba hawezi kumtamkia mwanawe kwa sababu ya staha, babu huyatamka huku akicheka na mjukuu akacheka naye. Watoto wa mjini Voi wanakua mbali na wazee hao kwa umbali wa nauli ya matatu tu. Mwezi wa Agosti na mwezi wa Disemba wapandishwe mlimani, si kwa siku mbili za kupiga picha, bali kwa muda wa kutosha hata wazee waache kuwafanya wageni na kuanza kusema nao kweli. Na wazee nao wajue wanatakiwa nini, wasiishie katika hadithi za ng'ombe wa mahari.

Liko kundi moja ambalo hatulialiki kamwe. Kanisani, msikitini na katika mikutano ya vijana, wanaosimamishwa kuzungumza juu ya ndoa ni wale waliokaa pamoja miaka 30 au 40, nao wastahili kusikilizwa. Lakini wako miongoni mwetu wanaume na wanawake ambao ndoa zao zilivunjika, wameishi na majeraha hayo kwa heshima, wamelea watoto, wamefikiri juu ya yaliyowapata kwa miaka mingi kuliko sisi tulivyofikiri juu ya yetu, nasi twawaweka viti vya nyuma kana kwamba wana ugonjwa wa kuambukiza. Wakiwa radhi, waalikwe. Asilazimishwe mtu, wala asitakiwe kumtaja mwenzi wake wa zamani kwa ubaya, na viongozi wa dini wakae kando siku hiyo wasikilize. Vijana wapewe nafasi ya kuuliza wenyewe, na kama wataona haya kuanza, mimi ningewapa swali la kwanza la kuwauliza: ni lini mlipoanza kunyamaziana, na siku hiyo mlikuwa mkitaka kusema nini?